Aliyeshona Gauni la Mama

9 Februari 1984

Dada yangu Mkasi,

Shikamoo. Mimi Bwana ananilinda, sina ugonjwa ila huu wa shingo, kwa kuinamia magauni ya maharusi kutwa nzima. Shemeji hajambo? Bado anatengeneza baiskeli za watu huku ya kwake haina breki? Na Kibonge, anasoma, au bado anajificha nyuma ya mlango akisikia neno hesabu? Mwambie mama yake mdogo anamkumbuka.

Huku kazi ni tele. Tumejazana wasichana watupu katika chumba chenye dirisha moja, na mama mwenye duka anapita nyuma yetu na rula mkononi. Akiona mshono umepinda hasemi, anagonga meza tu, na wewe mwenyewe unajua unafumua. Mimi kanipa kazi ya matundu ya vifungo. Anasema mkono wangu mwepesi. Nikamwambia nimefundishwa na mama yangu. Akasema, "Basi mama yako angekuja hapa, mimi ningeondoka." Nikacheka na wenzangu, kisha nikaenda chooni nikalia kidogo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Pamoja na barua hii nimetuma kifurushi. Ndani mna gauni la Mama, la buluu iliyokolea.

Unajua nilivyoondoka. Mama alikuwa kanisani, nami nikafunga sanduku langu nikatoka kama mwizi, bila hata kuaga. Na najua alichosema aliporudi, kwamba jina langu lisitajwe mle ndani mpaka nimwombe radhi mwenyewe. Ni miaka mitatu sasa. Kila nikishika kalamu nimwandikie, maneno yanagoma. Mimi si mtu wa maneno, maneno ulichukua wewe yote. Basi nimeyashona.

Kwa kuwa macho yake yamekwisha, nimeweka vifungo mbele, tangu shingoni mpaka chini ya goti, ajivalishe bila kumsumbua mtu. Matundu yote ni ya mkono. Akiyapitishia kidole atajua ni mimi, na atajua ninachoomba. Wewe mpe tu useme, "Limetoka kwa Sindano." Usiongeze kitu. Akilivaa kwenda kanisani, niandikie hilo moja, nami nitapanda basi siku hiyohiyo. Akilikataa, niandikie pia, nijue.

Mdogo wako,
Sindano


2 Aprili 1984

Sindano,

Marahaba. Usinilaumu kwa kuchelewa. Wewe huko una bosi mmoja, mimi hapa ninao Mama, mume, watoto, na ile mashine ya pili ambayo tangu uondoke inakula uzi kama mbuzi. Tu wazima wote. Shemeji yako baiskeli bado haina breki, na sasa kengele nayo imekufa, kwa hiyo akipita sokoni anapiga mluzi. Kibonge kapanda darasa, usiniulize kwa miujiza gani. Mama presha ilimpanda kidogo, ikashuka.

Kifurushi nilikichukua posta peke yangu. Karatasi ya juu ilikuwa imelowa chapachapa, ila kilichomo kilikuwa salama. Nilimpa Mama mkononi baada ya chai. Alilishikashika sana. Alianza na kola, akashuka na matundu moja moja, akanyamaza. Kisha akaniuliza nani kashona. Ndivyo ilivyokuwa. Mengine tumwachie Mungu.

Usitegemee makubwa, huo ndio ushauri wangu kama dada. Unamjua Mama. Jina lako hajalitaja.

Na wewe nawe, ati vifungo mbele ajivalishe bila kumsumbua mtu! Mtu mwenyewe ndiye mimi, na sijasema nimesumbuka. Nani anamwosha miguu? Nani anamsomea Neno kila jioni mpaka koo linakauka? Halafu linatokea gauni moja tu, na nyumba nzima midomo wazi, "Oo, tazama mshono!" Sisemi kwa wivu. Nasema tu.

Mama naye alijua kutupa majina. Wewe Sindano, wa kuunganisha. Mimi Mkasi, wa kukata. Nguo ikipendeza, umewahi kusikia mtu akimsifu aliyeikata? Hakuna. Wote wanasema, "Imeshonwa vizuri."

Kabla sijasahau. Akina mama wa kwaya wametuletea kazi ya majoho mapya, wayavae siku ya kuweka wakfu kanisa jipya mwezi wa saba. Wanataka vifungo vya mbele na matundu ya mkono. Wewe unafanyaje mpaka matundu yako hayafumuki? Uzi unaupaka nta kabla au baada? Nauliza kwa ajili ya kazi tu.

Dada yako,
Mkasi


23 Aprili 1984

Dada Mkasi,

Shikamoo. Nimefurahi Kibonge kapanda darasa, na nimecheka peke yangu nikimwona shemeji anapiga mluzi sokoni. Presha ya Mama imenitia wasiwasi. Chumvi anapunguza? Mimi shingo ni ileile.

Dada, umenijibu yote, hata habari za kengele, isipokuwa nililouliza. Alilivaa?

Na jingine. Unasema aliuliza nani kashona. Ulimjibu nini, naye akasemaje? Barua yako inafika hapo kwenye swali halafu inapotea, inaibukia kwenye presha na majoho. Nimeisoma hata wenzangu wameniuliza kama nimefiwa.

Kuhusu matundu, uzi unapakwa nta kabla. Mshumaa wowote unatosha. Chora tundu kwa chaki, zungushia mshono mdogomdogo pande zote, kisha ndipo ukate katikati, halafu ufunike kingo kwa mshono wa mafundo, yabanane bila kupandana. Dada, shona kwanza ndipo ukate. Wewe una tabia ya kukata kwanza kwa sababu mkasi uko karibu na mkono wako, halafu kitambaa kinaanza kufumuka unakimbizana nacho. Usikasirike, nakwambia kwa mapenzi.

Wenzangu wanasema mama aliyeshika gauni akanyamaza amekwisha samehe. Mimi sijui. Namwomba Mungu anifanye nisitegemee makubwa, kama ulivyosema, lakini kila mtu wa posta akipita nasimama.

Niandikie upesi.

Mdogo wako,
Sindano


11 Juni 1984

Sindano,

Marahaba. Barua yako ilikaa kwenye koti la shemeji yako, koti likakaa kwa dobi, na dobi alikuwa amesafiri. Ndiyo sababu. Tu wazima. Kibonge kang'oa jino, kaliweka mfukoni, anaonyesha watu. Mama hajambo kabisa, presha imetulia, asubuhi anaimba tenzi zote mpaka majirani wanaitikia.

Kazi ya majoho inaendelea. Siku hizi wananiita fundi, wewe. Mimi! Mke wa mzee wa kanisa kanisimamisha njiani akaniambia, "Kumbe ulikuwa umejificha." Na Mama mwenyewe, Mama yuleyule aliyekuwa akishika kazi yangu anaguna, sasa ananiita kwa sauti laini, "Mwanangu, mkono wako umefunguka." Nimeshika mkasi katika chumba kile cha Mama cha kushonea tangu sijaota matiti, neno hilo sijawahi kulisikia. Wewe ulilisikia kila siku mpaka ukalizoea, ukaliacha mezani ukaenda zako.

Unauliza nilimjibu nini. Nilimjibu kama ilivyonijia. Na kuhusu kulivaa, Mama ana nguo nyingi.

Hebu nikuulize na mimi. Unarudia nini huku? Una mji, una kazi ya maharusi, una mama mwenye duka anayekupenda. Ukishuka kwenye basi hapa na hilo sanduku lako, mimi nitakuwa nani? Nitarudi kuwa yule anayekata na kunyamaza. Naijua hadithi hiyo, nimeishi ndani yake. Kila nilichoshika mimi, Mama alikuwa akiuliza, "Sindano amekiona?" Kitambaa kikija, "Muulize Sindano." Hata nilipochumbiwa, jamani, alimuuliza mume wangu kama ameshamwona Sindano!

Roho inaniuma, basi, nimesema. Inaniuma hata nikiomba. Wewe kaa huko ufanikiwe, nami uniache na hiki kidogo nilichopata. Na usiwe unaandikia watu wengine wa huku, wataanza maneno.

Dada yako,
Mkasi


8 Julai 1984

Dada,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alinifundisha hivyo. Leo sina habari za shingo.

Juzi palikuwa na mkutano wa akina mama wa makanisa hapa mjini. Nilikwenda kusaidia kugawa chai. Nani akanishika bega? Mama mchungaji wetu wa huko. Tulikumbatiana. Nikamuuliza Mama yangu yukoje. Akasema, "Ungemwona! Kila Jumapili na lile gauni lake la buluu, aliloshonewa na dada yako kwa mkono. Anawashika watu mikono anawaambia, hebu gusa hapa, mwanangu Mkasi kafanya hivi. Hata kazi ya majoho tulimpa kwa sababu ya gauni lile."

Nilikuwa na birika la moto mkononi. Nilimmiminia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani, nikasema, "Ndiyo, dada anajua."

Kwa hiyo amelivaa. Analivaa kila Jumapili, na mimi miezi yote hii nalala nikiamini Mama alishika gauni langu akalisukuma pembeni. Nilikuwa nimeanza kumchukia, dada. Umenifanya nimchukie mama yangu bure.

Mchungaji wa huku alihubiri habari za yule kijana aliyejifunga ngozi za mbuzi mikononi, ili baba yake kipofu ampapase adhani ni kaka yake, ampe baraka. Akapewa kweli. Lakini akazeeka, na watoto wake mwenyewe wakamletea kanzu ya ndugu yao iliyochovywa damu ya mbuzi, naye akaitambua akaamini mwanawe amekufa, akalia miaka. Mbuzi yuleyule, dada. Sikuwa nakuombea mabaya. Nilikuogopea.

Sitamwambia Mama mchungaji. Wala sitamtuma mtu kwa Mama. Wewe uliyemwambia, umwambie tena.

Sindano


30 Julai 1984

Mdogo wangu,

Marahaba, ingawa najua uliniamkia kwa meno. Watoto wazima. Mama mzima. Mimi sili.

Nilitaka kukuandikia matusi, nikachana karatasi mbili. Sasa nakwambia kama ilivyokuwa.

Siku ile nilifungua mdomo niseme Sindano. Mungu ananiona, jina lilikuwa limefika kwenye ulimi. Lakini kabla sijalitoa, Mama akapapasa tundu la kifuani akacheka, akasema, "Nani kashona? Maana haya si ya kwako. Ya kwako ni midomo ya samaki." Na shemeji yako akacheka. Na Kibonge, mtoto niliyemzaa mimi, akafanya mdomo wa samaki pale pale. Ndipo nikasema, "Ni ya kwangu, Mama. Nimejifunza." Yalitoka tu. Mama akaacha kucheka. Akaniita karibu, akanishika uso kwa mikono yote miwili. Hajanishika hivyo tangu nilipoolewa. Ungekuwa wewe ungerudisha?

Sasa sikiliza nilichopata. Mwezi huu, kabla ya kuweka wakfu kanisa, Mama aliwaita mchungaji na wazee wa kanisa nyumbani. Nilijua ni habari ya chumba cha kushonea, maana siku zote alisema atakiandikisha kwa jina langu, na mashine zake zote na kibao cha mlangoni. Nikavaa vizuri. Nikapika. Mama akasimama akasema hivi, nimeyashika neno kwa neno, maana yananizunguka kichwani kutwa:

"Chumba changu nilikuwa nimekusudia kumpa Mkasi, kwa sababu mkono wake ulikuwa mzito, nikaona nikifa atahangaika. Sasa Mungu amemfungua mkono, watu wanamgombea, anaweza kusimama popote. Lakini nilipokuwa nayapapasa matundu aliyonishonea, nilimkumbuka yule mwingine. Yuko kwa watu, hana chake, na mimi nilimfungia mlango kwa hasira. Chumba nampa Sindano. Labda akisikia ana kwao, atarudi."

Wazee wakapiga makofi. Mchungaji akanigeukia akasema, "Na dada mkubwa hana kinyongo?" Ningesema nini? Nisimame niseme sijui kushona? Nikapiga makofi na mimi, Sindano. Nilijipigia makofi ya kunyang'anywa.

Haikuishia hapo. Siku ya kuweka wakfu kwaya imesimama, kanisa limejaa mpaka madirishani. Yule mama mnene wa sauti ya kwanza akavuta pumzi ya ubeti wa tatu, kifungo cha kifuani kikachomoka. Akakishika. Cha tumbo kikafuata. Jirani yake akamcheka, naye vyake vikaachia. Mpaka wanafika kiitikio wanaimba wamejikumbatia kama wanasikia baridi. Nilikata kwanza, mdogo wangu. Uliniandikia shona kwanza, nami nikasema Sindano asinifundishe kazi, nikakata kwanza majoho yote.

Wameyarudisha. Nimemwambia Mama uzi ulikuwa mbovu. Akasema, "Uzi gani huo? Lete joho nishike." Nikamwambia wamekwisha yachukua, na hali yamejaa chini ya kitanda changu. Kila uongo unanidai mwingine, nami nimechoka kuutafutia.

Sasa nakuomba jambo, na usinijibu haraka. Nyamaza. Chumba ni chako, njoo ukichukue, Mama atakupokea, hilo lililobaki litakuwa siri yetu. Wewe utakuwa na chumba na Mama. Mimi niachie gauni tu. Nikimwambia, nitakuwa sina chumba, sina mkono, wala sina Mama.

Mkasi


14 Agosti 1984

Dada Mkasi,

Shikamoo, na safari hii si kwa meno.

Nilikaa na barua yako, nikasoma ile sehemu ya majoho nikacheka, Mungu anisamehe, kisha nikasoma ya wazee nikakuonea huruma. Nikawaza kukubali. Usifikiri sikuwaza. Nilikwisha jiona naingia mlangoni.

Lakini nikinyamaza, kila Mama atakapowaambia watu "gusa hapa," mimi nitakuwa nimekaa pembeni nadanganya pamoja na wewe. Sitakiweza chumba hicho. Siku moja na mimi nitafunguka vifungo mbele ya watu.

Na nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Nimekuonea wivu tangu nilipofika huku. Wewe unaamka unamsikia akikohoa. Unamwosha miguu ukanung'unika. Natamani mtu aninyime usingizi kwa kukohoa, awe Mama. Unasema nilisifiwa mpaka nikazoea. Kweli. Lakini aliyebaki naye ni wewe, na huko hakuna sifa iliyonifuata.

Sitaki gauni lirudishiwe jina langu ili nisifiwe. Nilimwomba Mama jambo, na jibu lake bado sijalipata. Wewe ndiye uliyelishika. Mpe aweze kunijibu.

Naomba kwa ajili yako asubuhi kabla ya kazi.

Mdogo wako,
Sindano


9 Septemba 1984

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba. Shemeji yako anakusalimu. Kibonge naye. Sitaandika habari zao leo.

Nimemwambia. Ilikuwa leo baada ya ibada, kabla hajavua gauni. Nilitoa joho moja chini ya kitanda nikamwekea mapajani. Akapapasa tundu la joho, kisha akapeleka kidole kwenye tundu la gauni lake mwenyewe, kifuani. Akarudia. Akasema, "Midomo ya samaki." Hakucheka. Akauliza, "Hili nililovaa ni la nani?" Nikasema, "La Sindano, Mama. Alilituma akuombe radhi."

"Aliniomba lini?"

"Februari."

"Na sasa ni mwezi gani?"

Nikamtajia. Akaihesabu miezi kwa vidole. Kisha akasema, "Mtoto wangu alikuwa anabisha hodi, na mimi nashangilia mlango." Nilipiga magoti nikamwomba anisamehe. Akaniwekea mkono kichwani, akasema amenisamehe, nami naamini. Kisha akasema, "Leta kalamu." Akaanza kunisemea. Hapakupita sentensi mbili akakatiza, akamtuma Kibonge amwite Mama mchungaji aje kuisoma barua kabla haijafungwa. Alisema kwa upole tu. Ndipo nikajua kusamehewa ni kitu kimoja, kuaminiwa ni kingine. Nilitamani anipige.

Haya ndiyo maneno ya Mama, kama alivyoyasema:

"Sindano, mwanangu. Gauni nimelivaa. Nimelivaa kila Jumapili, nami sikujua kwamba ni wewe. Nilikusamehe zamani, ila nilikaa nikisubiri uje unilie miguuni, na huko kusubiri kulikuwa kiburi. Na wewe unisamehe. Nilikuwa nikiwaambia watu wakushike mkono bila kujua. Mkono wako ni mkono wangu nilipokuwa na macho, na zaidi ya wako sikupata mwingine kama huo. Chumba ni chako. Nilisema mbele ya wazee na sitageuza. Njoo. Usingoje nguo za kusafiria, njoo ulivyo."

Hapo kwenye mkono wake alipokuwa na macho, kalamu ilinikatalia. Roho bado inaniuma, Sindano, sitakudanganya kwamba imepona. Lakini nimeandika lote kama lilivyotoka. Sikupunguza neno juu yako.

Nimekukosea wewe kuliko Mama. Nisamehe ukiweza. Ukifika, utanikuta.

Dada yako,
Mkasi

Mimi mke wa mchungaji naongeza hapa chini. Mama yenu ameniomba niisome barua hii kwa sauti mbele yake, nami nimeisoma. Maneno yake yamo yote, ila dada yako aliruka mahali pamoja. Nilipofika mwisho Mama aliuliza, "Na lile la Mkasi liko wapi?" Dada yako akajibu kwamba hilo hana haki ya kuliandika, akaondoka kwenda jikoni. Kwa hiyo naliandika mimi. Mama alisema hivi:

"Chumba ni cha Sindano, lakini meza ya kukatia ni ya Mkasi, mtu asiiguse. Katika maisha yangu sijamjua mkataji kama yule. Matundu nilimtania kwa sababu kwenye kukata sikuwa na la kumtania. Nilidhani anajua."